Viraka Tisa Nyuma ya Nyumba

Nyumba yangu ya Karatu niliijenga mwenyewe, na darasa la tatu sikumaliza. Waliosoma waje waoneshe zao.

Ukuta wa kwanza, masika yaliupasua wote. Mke wangu akafunga vyombo, akarudi kwao Mbulu. "Ukipata ukuta usiopasuka, nitarudi." Saruji miaka ile ya themanini ilikuwa haionekani. Nilikuwa na udongo mwekundu, samadi na majivu, basi.

Mpangaji wangu, bwana mmoja wa utafiti wa udongo, akanishauri nijaribu kwanza. Nikapiga viraka tisa nyuma ya nyumba, kila kimoja na mchanganyiko wake. Vilipokauka akahesabu nyufa, akatia nukta kwenye karatasi ya miraba, akapitisha mstari ulionyooka. Mstari ukasema majivu yakizidi, nyufa zinapungua. Nikajaza majivu ukuta wote wa mbele. Wiki mbili tu, ukabanduka vipande.

"Fundi, mstari umetudanganya," akasema kwa aibu.

"Bwana, debe ni moja. Ukizidisha majivu, umepunguza udongo au samadi. Hakuna kinachoongezeka peke yake."

Mimi huyo! Akafuta hesabu yake. Mstari wake ulikuwa na namba ya kuanzia, kabla ya kutia chochote; hiyo akaiondoa, maana debe tupu halipakwi ukutani. Akakipa kila kitu fungu lake, kisha akaongeza hesabu ya majivu kuzidisha kwa samadi, kwa kuwa viwili hivyo vikikutana hushika kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Safari hii mstari ukapinda. Pale ulipoinama chini kabisa ndipo kilipokuwa kipimo changu.

Nikapaka upya. Mama wa Kimasai, muuza maziwa kutoka Ngorongoro, akasimama njiani akicheka. Kwao kupaka nyumba ni kazi ya wanawake.

"Weee! Mwanamume anapaka mavi ya ng'ombe! Mke yuko wapi?"

"Anakuja, yeyo," nikamwita mama kwa lugha yake.

Masika yakaja, yakaisha. Hata ufa mmoja! Nikamtumia mke wangu salamu kwa kondakta wa basi.

Akaja siku ya mnada. Akaupapasa ukuta kwa kiganja, toka kona hadi kona.

"Umeweza."

"Si nilikwambia?"

"Mwaka mzima, bwana. Hukuja kwetu hata siku moja. Hata mzee mmoja hukumtuma aje kuniomba nirudi."

"Nilikuwa nangoja ukuta ukauke."

Akaingia ndani, akachukua chungu chake kilichobaki, akawahi basi.

Kila masika nazunguka nyuma kuhesabu nyufa za viraka. Ukuta wa mbele hauna cha kuhesabu.