Wimbo wa Kunawa Miguu Katika Onyesho la Baleti

Sisi tuliokwenda shule na fagio mkono huu na kidumu cha maji mkono ule hatukuwa na bahati ya watoto wa leo, ambao wakishusha chupa yao wenyewe kutoka garini hungoja kupongezwa. Kwetu Moshi, Mwalimu Elifuraha alitupanga mstari asubuhi, vumbi limetupaka hadi magotini, akatuimbisha wimbo wake:

Mguu huu una vumbi, mguu ule una tope,
darasani hatuingii mpaka maji yapite.

Aliutunga mwenyewe. Ndivyo alivyotuambia, na mwalimu mwenye fimbo ya mpera hubishani naye. Tuliuimba tukirukia mguu mmoja, harufu ya uji wa shule ikitupita puani, na mama yangu, ambaye jiko lake lilipakana na uwanja wetu, aliitikia huku akipepeta mchele.

Binti yangu Neema, mzaliwa wa Silver Spring huku Marekani, hana shida ya vumbi. Yeye anajifunza baleti, dansi ya kistaarabu ambamo watu huumiza vidole kwa hiari. Mama alipokuja kututembelea, onyesho lilikuwa limekaribia. Neema akaniomba, kwa Kiingereza bila shaka, nimwambie bibi asipige vigelegele. Bibi alielewa bila mkalimani. Siku ilipofika alivaa kitenge kipya, akakaa kimya kama yuko mahakamani.

Zamu ya Neema ikaja, acheze peke yake. Muziki ulipoanza, akasahau hatua zote. Alisimama katikati ya jukwaa, mikono hewani, na ukumbi mzima wa waungwana ukajifanya hauoni. Halafu muziki ukageuka, nikasikia wimbo wa Mwalimu Elifuraha, ule ule, unapigwa kwa vinanda. Kabla sijaamini masikio yangu, mama alikuwa ameshaanza kuimba. Mguu huu una vumbi. Neema aliitafuta ile sauti kwa macho, akainua mguu mmoja, akainua wa pili, hatua zikamrudia.

Baadaye mwalimu wake wa baleti alipotufuata, nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kuomba radhi. Kumbe alikuja kushukuru. Alinieleza kwamba zamani kule Paris watunzi wa baleti walichomeka makusudi nyimbo ambazo watu walizijua, ili maneno yake vichwani mwao yaeleze anachofanya mchezaji asiyesema. Na huu wa leo, akasema, ni wimbo wa mitaani uliookotwa na mtunzi wa huko.

Nilimtafsiria mama ndani ya gari.

"Labda wao ndio walimwibia Mwalimu," akasema.

Neema akauliza, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, "Bibi, halafu inaendeleaje?"

Mama akaimba ile mistari miwili, akaishia hapo. Mimi pia. Nikampigia Anna, aishiye Woodbridge huku huku Marekani, niliyesoma naye Moshi. Akaimba ubeti wa kwanza vizuri sana, akakwama palepale. Mwalimu alishafariki.

Basi nikaijaribu simu ya Neema, maana simu za siku hizi zinajua kila kitu. Iliusikiliza kidogo tu muziki wa onyesho niliokuwa nimeurekodi, ikataja baleti, ikamtaja na Mfaransa wake. Maneno ya vumbi na tope haikuyajua. Sisi enzi zile simu hatukuwa nazo. Tulikuwa darasa zima la kuimba pamoja kila asubuhi, na hakuna aliyedhani ipo siku tutatakiwa kukumbuka.