Acom, Taaka na blanketi la nusu mbili

Jua halijafika kwenye kibaraza cha duka la mbegu, na tayari Acom ameketi juu ya gunia, macho ameyafumba. Anapitisha uzi wa buluu kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, kama mtu anayechambua mchele gizani. Penye unene anasita. Penye wembamba anafunga alama ya uzi mwekundu. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Kenya yananguruma mbele yake wala hayamshughulishi.

"Hii uzi inadanganya macho," anasema. "Vidole haiwezi kudanganya."

Acom, mama wa watoto wanne, anafuma mablanketi hapa Busia, upande wa Uganda, tangu mumewe alipoumia mgongo akaacha kuendesha bodaboda. Blanketi kubwa humchukua karibu wiki tatu na kumpa shilingi 120,000 za Uganda, na nusu yake hurudi kwenye uzi. Lakini ukimuuliza shida yake kubwa, hataji pesa. Anamtaja Taaka.

"Nasikia wivu juu yake, sitaficha," anasema bila kupepesa. "Hata kanisani naenda nayo, narudi nayo."

Taaka anaishi ng'ambo, Busia ya Kenya. Miaka kadhaa iliyopita alikuja kwenye kibaraza hiki hiki akiomba kufundishwa. Acom akamshika mkono, akamwonyesha namna ya kuvuta kitanzi cha kwanza. Leo wateja wanampita Acom wakimuuliza Taaka anakaa wapi.

Mwaka huu wivu huo ulipata kuni. Akina mama wa kanisa moja huko Kwapa, alikozaliwa na kubatizwa Acom, walitaka kumuaga mchungaji wao anayestaafu kwa blanketi kubwa. Kila mama akaleta donge lake la uzi wa buluu: huyu kanunua Nagongera, yule Tororo mjini, mwingine kwa mchuuzi njiani. Mwenyekiti wao, Aanyu, akayagawa katika mifuko miwili. Nusu ya blanketi ifumwe na Acom, nusu na Taaka.

"Nikamuuliza, 'Toto, mimi ni mtoto wa hapa. Mgeni wa nini?'" anakumbuka Acom, akimwita "mama" kwa Kiteso. "Akasema, 'Mtoto wetu ni wewe, lakini blanketi ya Taaka haipindi.'"

Aliyameza maneno yale, akaenda kufuma kwa hasira. Alipofika katikati akaitandaza kazi yake kitandani, akaona imebanwa kiuno kama kibuyu. Madonge mengine yalikuwa manene kama kamba ya kiatu, mengine membamba kama uzi wa kushonea gunia, na kila uzi ulipobadilika, upana ulibadilika nao.

Jibu alilopata lilikuwa moja tu: Taaka kapewa mfuko mzuri. Akaikunja nusu yake, akavuka mpaka kwa miguu.

"Karibu, Mama Okwi," Taaka alimpokea Acom, akimwita kwa jina la mwanawe. "Keti, chai iko jikoni."

"Sikuja kunywa chai. Nionyeshe mfuko yako."

Taaka akauleta, akaumwaga mkekani. Madonge yalikuwa mchanganyiko ule ule, mengine mabaya kuliko yake. Na pembeni nusu ya Taaka ilikuwa imelala, kingo zimenyooka.

Acom akapitisha kidole kwenye ukingo mmoja, akauliza amefanyaje.

"Huu mwembamba nashika nyuzi mbili pamoja," alisema Taaka. "Huu mnene naufuma na sindano ndogo. Na kabla sijaanza, nafuma kipande kidogo cha kila donge, nalinganisha. Si hata wewe unafanya hivyo, Mama Okwi?"

Hakukuwa na kejeli katika swali lile, na hilo ndilo lililomuuma. Acom alikuwa akifuma kwa sindano moja tangu usichana wake. Taaka akajitolea kumsaidia kufumua.

"Nitafumua mwenyewe," akajibu. Hata hivyo, alipoondoka, sindano ndogo ya Taaka ilikuwa mfukoni mwake, ya kuazima.

Alifumua yote mpaka mstari wa kwanza. "Navuta uzi, nalia," anasema. "Mzee wangu akauliza, 'Nani amekufa?' Nikamwambia hakuna, ni blanketi."

Jumapili ya kuaga, nusu ya Acom ilikuwa imefumwa upya na kuunganishwa na ya Taaka. Mke wa mchungaji alitafuta mshono kwa vidole, akaukosa. Aanyu akampigia Taaka vigelegele, na kanisa zima likafuata. Ndipo Taaka akasimama.

"Aliyenishikisha sindano ni Mama Okwi," akasema. Watu wakageuka, wakampigia Acom makofi.

"Afadhali angenyamaza," anasema Acom sasa. "Hata sifa yangu nimepewa na yeye."

Mpango wake ni kununua uzi kwa gunia, uliosokotwa na kutiwa rangi kwa pamoja, ili unene usimchezee tena. Gunia zima linamshinda kununua peke yake. Ameuliza wafumaji wengine kando ya mpaka; hakuna anayehitaji uzi mwingi kiasi hicho, isipokuwa mmoja, Taaka. Mwishoni mwa mwezi watakwenda pamoja kulichukua.

"Uzi tutagawana," anasema, akiokota sindano yake. "Customer, kila mtu atafute yake."