Mwanamisi Achagua Tairi kwa Njia Asiyoijua

Saa mbili asubuhi, Kambu. Mwanamisi Shee amepiga magoti kando ya barabara kuu ya Mombasa, tairi limelala mbele yake, na kisu alichokipasha moto jikoni kinapita polepole ndani ya mpira. Anaongeza mifereji, ili tairi liteme tope. Malori yanapita yakimtikisia kibanda, hainui kichwa.

Huu ni Aprili 1987, na Mwanamisi, mama wa watoto wanne, Sauda akiwa wa kwanza, ana miaka kumi na tisa katika kazi hii aliyofundishwa na babake, mhamiaji kutoka Lamu. Siku za kawaida huziba pancha sita au saba. Pasaka inapokaribia, huwa fundi wa matairi wa Kiema Nzomo, mwenye duka wa mji wa Wote anayeingia mbio za magari kwa gari lake kuukuu.

Kazi yake kubwa huko ni kuchagua.

"Tairi laini linashika barabara vizuri, lakini mawe yanalila upesi," anaeleza. "Gumu linafika mbali. Ila likikuta maji, linateleza tu."

Mwaka jana uchaguzi huo ulimponza. Mawingu yalikuwa yametanda, na Kiema akataka matairi laini kwa karibu kilomita mia moja za kwenda Mutomo. Mwanamisi alikataa. Mwaka uliotangulia, mawe ya njia hiyo yalipasua mawili na gari likabaki porini. Walibishana hadi muda ukawabana, Kiema akakubali magumu.

Mvua ikanyesha. Kwenye kona moja kabla ya Mutomo gari liliteleza likatumbukia korongoni. Kiema alitoka mzima; msoma ramani wake, Ndululu, alivunjika mguu.

Mwanamisi anasema hakula siku mbili. Siku ya tatu alipanda lori la mbuzi hadi hospitalini Mutomo, akiwa amejiandaa kutukanwa. Ndululu alimwonyesha kiti.

"Mama Sauda, hakuna tairi hata moja lililopasuka," alimwambia. "Wewe ulichagua ukiwa Kambu. Mvua ilikuwa huku."

Maneno hayo yalimliwaza, yakamchoma pia. Miaka yote hiyo, hadi safari ile ya lori, hakuwa ameiona njia ya Mutomo. Aliijua kwa makovu ya matairi yaliyorudi. Alipotoka hospitalini alitembea hadi kwenye ile kona, akainama, akaushika udongo.

Marafiki wa Kiema walimshauri atafute fundi mwingine. Hakuwasikiliza. Mwanamisi mwenyewe ndiye aliyetoa sharti: hatabaki tena Kambu. Ijumaa hii ya mbio atatangulia kwa pikapu na seti mbili, moja laini na moja ngumu, asimame nusu ya njia ya Mutomo, aangalie anga na ardhi kwa macho yake. Kubadilisha matairi hapo kutakula dakika nne. Kiema amekubali kuzipoteza, na Ndululu, ambaye sasa anachechemea, atakuwa kwenye kiti chake.

Anaulizwa kama haogopi.

"Naogopa sana," anasema. "Lakini nikikosea tena, nataka niwe pale pale."