Kadi za Salamu Zilienda Wapi

Juzi kwa fundi wa redio pale Kondele, mzee mmoja alidai ndiye aliyekuwa akitupigia muziki wa roki na kusoma kadi za salamu redioni zamani. Sikumwamini. Wazee wa Kisumu waliowahi kuwa watangazaji ni wengi kuliko redio zenyewe.

Mama muuza omena, aliyekuwa pale akingoja redio yake, alimkazia macho. "Nilituma kadi kila wiki. Ulisoma jina langu?"

Nilingoja aseme anamkumbuka vizuri. Matapeli wote hukumbuka.

Mzee aliinama. "Kadi zilikuwa nyingi, Mama. Zingine niliwashia jiko."

Mama akamsogezea benchi. "Kaa, Mzee. Ni wewe kabisa. Hilo jiko nililishuku tangu zamani."

Mimi pia nilituma kadi. Sikuthubutu kuuliza.