Daftari la Naftali

Naftali alikuwa mlinzi wa ghala kusini mwa Riyadh, na mimi dereva wa bosi huyohuyo. Kwao Vihiga alikuwa afisa wa ushirika, na mambo ya ushirika hayakumtoka kichwani. Kila Ijumaa alasiri, chumbani mwetu mtaa wa Manfuha, alitusomesha historia ya Ulaya: mafundi wa kale waliozikana na kulea wajane wa wenzao, wafumaji wa Uingereza waliofungua duka lao wenyewe baada ya kuchoka kuuziwa unga uliochanganywa na chokaa.

"Hawakungoja serikali wala mfadhili," alisema. "Walishikana mikono tu."

Mwenzetu Griffins alipokufa kazini na maiti yake ikakaa mochari miezi mitatu, tulianzisha kwa siri, maana sheria ya huko hairuhusu, chama chetu cha kuuguzana na kurudishana nyumbani.

Kosa likaanza hapo. Mkenya hajui chama bila daftari. Naftali alipiga mistari kwa rula: nambari, jina, mahali anapokaa, ikama yaani kibali cha ukaazi, sahihi, tarehe. Winfred, wa saba kwenye orodha, aliyemtoroka kafili, mwajiri wake mdhamini, aliyekuwa akimpiga, alishika kalamu asiandike.

"Mwalimu, si uniache tu? Mimi sina ikama."

"Andika 'hana'. Chama bila rejista ni genge, dada."

Hilo ndilo linaloniuma. Yeye mwenyewe alitusimulia vibarua sita wa Kiingereza waliopelekwa uhamishoni Australia kwa sababu ya kula kiapo cha chama. Tulisikitika, kisha tukatia sahihi. Penye wengi hapaharibiki neno, tulijiambia, wajinga sisi.

Jumatatu bosi alilikuta daftari kwenye kibanda cha lango. Hakufoka, na kule kutofoka kulinitisha zaidi. Alituita ofisini, akaweka simu zetu mezani kwake, akamwamuru Naftali asome, maana majina yetu yalimshinda.

Naftali akasoma. Wa tano. Wa sita. Wa nane.

Bosi akaweka kidole kwenye karatasi. "Saba mafi?" Yaani, mbona wa saba hayupo?

"Huyo amekufa, baba."

Kidole kilitembea polepole. Kilipita palipokosa nambari ya ikama, kikapita sahihi, kikatua kwenye tarehe. Ilikuwa ya Ijumaa iliyopita, siku tatu tu nyuma. Saa hiyo Winfred alikuwa amejificha chumbani mwetu Manfuha, na sikuwa na njia ya kumwonya.

Bosi alilifunga daftari, akanigeukia mimi.

"Jackton, wewe unapajua anapokaa huyu wa saba. Yalla, lete gari."