Mzigo wa Qori

Miaka ya vita vya Shifta, waasi wa Kisomali walipopigania kujitenga na Kenya, mama yangu alikamatwa hapa Isiolo kwa kubeba kuni. Nimejaribu kulieleza jambo hili kwa heshima zaidi, nikashindwa.

Alikuwa akirudi kutoka upande wa Burat, mzigo mgongoni, akakuta kizuizi cha barabarani. Askari aliyekuwa zamuni alitoka Kenya. Ndivyo tulivyoita kila mahali kusini mwetu, ingawa bendera ilikuwa moja. Wakubwa wake walikuwa wamemfundisha neno moja la Kisomali: qori, yaani bunduki. Hawakumwambia kwamba qori pia ni mti, ni ukuni, ni kijiti chochote kile.

"Wewe mama, hapo mgongo nabeba nini?"

Kiswahili cha mama kilikuwa cha kununulia sukari tu. Akajibu kwa adabu, "Qori."

Akapelekwa kambini pamoja na ushahidi.

Baba alivaa koti lake la jeshi la Mfalme, lile alilorudi nalo kutoka vita vya Mwingereza, tukafuatana kambini. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, nimeshachumbiwa, lakini nilitembea nyuma yake kama mtoto. Baba alimpigia saluti koplo aliyetupokea, akamfafanulia habari ya neno lenye maana mbili. Koplo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, mama mwenyewe nasema ni bunduki," akasema. "Sasa mimi nifanye nini?"

Mezani palikuwa na bunduki iliyosemekana kunyang'anywa shifta. Baba aliinama akaikagua, akaona taji dogo limegongwa kwenye chuma. Akaitazama bunduki ya koplo. Taji lile lile.

"Hii ndio nilibeba mimi vitani," akasema, na nadhani alifurahi kidogo. "Hii na yako, afande, natoka nyumba moja, Uingereza. Mwenye duka ameuzia nyinyi, ameuzia na wale."

Koplo akataka kujua mzee anazijuaje bunduki za shifta.

Nilirudi nyumbani peke yangu.

Usiku huo nilikuwa na hasira na mwenye duka huyo wa Uingereza. Mwenye duka hakusimamishwa kizuizini hata siku moja, maana biashara yake haikumpitisha njia ya Burat. Waliopita pale walikuwa wanawake wenye kuni na maziwa, watu ambao hawakununua chochote kutoka kwake.

Baba aliachiliwa kesho yake, bila koti. Mama alikaa zaidi. Hatimaye afisa mmoja aliitisha ule mzigo wa ushahidi auone kwa macho yake, ikagundulika kwamba wapishi wa kambi walishaupikia ugali. Kesi ikakosa miguu, mama akaambiwa aende.

Alirudi na mkono wa kulia usioinuka kupita bega. Hakusema kulitokea nini, na baba hakuuliza. Alirudia kazi zake na mazungumzo yake, yote kwa Kisomali, isipokuwa neno moja. Jikoni alisema "kuni", kwa Kiswahili, hata akituagiza sisi watoto wake.

Siku moja, nikiwa tayari na watoto wangu, nilichoka kulisikia.

"Hooyo," nikamwambia mama, "hapa ni kwako. Sema qori."

Alitazama mlangoni kwanza. Kisha akaniziba mdomo kwa mkono wake wa kushoto.