Wino wa Kijapani uliogoma kukauka kwenye khitma ya Bi Salma

Wakuu, habari za huko mliko. Haya nimeyaona kwa macho yangu. Chumvi nimetia kwenye utani tu.

Nafanya kazi kwenye press ndogo ya uchapaji hapa Hamriya, Muscat. Bosi wangu ni Ammi Khalfan, Mwomani wa Unguja, anayeipenda kampuni moja ya wino ya Kijapani kuliko Wajapani wenyewe.

Mimi ni mhitimu wa shule ya usiku, lakini somo nililofaulu kupita yote ni historia ya kampuni hiyo, maana Ammi hulifundisha kila siku. Walianza na wino wa kuchapia. Wino ukawapeleka kwenye rangi za unga zinazotiwa ndani yake, kisha resin, ile gundi ya viwandani, plastiki, vifungashio vya chakula, mpaka rangi za skrini kama hiyo unayosomea uzi huu.

Majuzi mkewe, Bi Salma, akafariki.

Ammi akataka vijitabu vya dua vya kugawa kwenye khitma, jina la marehemu kubwa kwenye jalada. Hiyo ndiyo zawadi yake ya mwisho kwa mkewe, achape mwenyewe.

Kurasa za ndani zikatoka safi. Kabla ya jalada, wino ukaisha. Dukani tukapata kopo la kampuni ileile, limeandikwa UV.

"Ammi, hii UV ndo nini?"

"Wino wao nnautumia tangu hujazaliwa, wewe. Fungua!"

Wakuu, wino wa UV haukauki kwa hewa. Unataka taa maalumu yenye miale ya UV, na mashine yetu ni ya enzi za Nuhu. Tukawasha feni zote, nusura duka lipae. Wapi! Ammi akasema utakauka njiani kwenda Ansab, nyumbani kwake.

Katikati ya khitma mzee mmoja akatazama vidole vyake, vimejaa wino. "Yakhe Khalfan, umetuita khitma au kupiga kura?"

Watu wakacheka. Kisha wakaona.

Jina la Bi Salma lilikuwa limetoka kwenye majalada, limehamia kwenye makanzu yao meupe. Ammi akainama, akawa anakusanya vijitabu kimoja kimoja. Wakimwambia "si neno", anaokota kingine.

Vilivyobaki dukani nikavianika juu ya paa. Kumbe jua nalo lina hiyo UV. Jina likashika kama limechongwa. Nikampelekea kimoja, akapitisha kidole. Halikutoka.

"Sasa nimpe nani?"

Nilichojifunza: kampuni ikikua, nembo hubaki ileile, kilichomo kwenye kopo kikabadilika. Soma kopo mpaka chini.

Wachapaji wa Ruwi na kwingineko, na wewe uliyewahi kuharibu jambo lisilo na marudio, shusha comment. Nisaidieni na jibu la kumpa Ammi, maana bado ananiuliza.